Ndugu watatu wa kalsiamu: Jinsi povu linavyotenganisha madini yanayofanana

WAKULIMA wa chai katika kaunti za Kericho na Bomet hulima udongo mwekundu wenye asidi nyingi, uliotokana na mawe ya volkano. Lakini msafiri anayeteremka kutoka mji wa Kericho kuelekea Fort Ternan na Koru huona nchi ikibadilika. Mashamba ya chai huyapisha mashamba ya miwa, na mawe ya rangi ya majivu huupisha mwamba mweupe ambao kwa miongo mingi umechimbwa na kuchomwa kuwa chokaa.

Mwamba huo wa Koru haukutokana na matumbawe ya bahari kama ule wa Bamburi, Mombasa. Ni mabaki ya milipuko ya kale ya volkano ya Tinderet, iliyotema lava na majivu yaliyojaa kalsiamu kaboneti. Volkano za namna hiyo ni chache duniani, ila Afrika Mashariki imejaliwa nazo: Homa, Ruri na Rangwa katika kaunti ya Homa Bay, Mrima katika kaunti ya Kwale, Sukulu karibu na Tororo nchini Uganda, na Oldoinyo Lengai nchini Tanzania ambao ungali hai.

Kalsiamu ya miamba hii haiji kwa umbo moja. Ikiungana na kaboni na oksijeni huwa kalsaiti, ambayo ndiyo malighafi ya chokaa na saruji. Ikiungana na fosforasi huwa apataiti, ambayo ni chimbuko la mbolea zote za fosfeti. Ikiungana na florini huwa floraiti, ambayo wafanyabiashara huiita florispa, na ndiyo iliyochimbwa kwa miaka mingi Kimwarer katika Bonde la Kerio, kaskazini mwa nchi hiyo ya chai. Kila moja ina soko lake na bei yake. Tatizo ni kwamba mara nyingi hukutwa zimeshikamana katika jiwe moja, na aliye na jiwe hilo hana mali mpaka azitenganishe.

Kuzitenganisha si kazi nyepesi, kwa kuwa zinafanana kuliko madini mengi mengine. Katika kipimo cha ugumu wa mawe kinachoanzia 1 hadi 10, kalsaiti ni namba 3, floraiti namba 4 na apataiti namba 5. Zimefuatana kama watoto wa tumbo moja. Kwa uzito, lita moja ya kalsaiti tupu ina takriban kilo 2.7, na lita moja ya floraiti au apataiti takriban kilo 3.2. Tofauti hiyo ni ndogo mno kwa njia za kupepeta au kuchekecha kwa maji, ambazo huwafaa wachimbaji wa dhahabu. Sumaku nayo haizivuti. Na kwa kiasi cha kalsiamu iliyomo, kalsaiti na apataiti zote zina karibu asilimia 40 ya uzito wao, ilhali floraiti ina asilimia 51.

Iko njia moja ya kale ya kuzitenganisha inayojulikana vyema Fort Ternan, ingawa haina faida kibiashara. Mwaka 1961, Louis Leakey alianza kuchimbua katika shamba la Fred Wicker masalia ya wanyama walioishi yapata miaka milioni 14 iliyopita, na mwaka 1962 akatangaza nyani wa kale aliyempa jina Kenyapithecus wickeri. Mifupa ile ilihifadhika kwa sababu majivu ya volkano yenye kalsaiti yaliifunika. Mfupa wenyewe ni aina ya apataiti. Wataalamu wa masalia wanapotaka kuutoa mfupa katika mwamba wa namna hiyo, hutumia asidi hafifu, jamaa ya siki ya jikoni: kalsaiti huyeyuka ikitoa viputo, mfupa hubaki. Kwa fuvu moja la thamani, njia hiyo yafaa sana. Kwa tani elfu za mawe kwa siku, asidi ingekula faida yote kabla ya saa sita mchana.

Viputo na sabuni

Njia itumiwayo viwandani ni ya povu. Ilishika mizizi mwanzoni mwa karne ya 20, hasa katika migodi ya Broken Hill nchini Australia, ambako milima ya makapi yenye zinki ilikuwa imetupwa kwa kukosa namna ya kuisafisha. Tangu wakati huo imekuwa mojawapo ya nguzo za uchimbaji duniani. Shaba, risasi, zinki na fosfeti nyingi hupitia humo.

Mawe husagwa kwenye kinu hadi yawe laini, chembe zake zikiwa ndogo kuliko sehemu ya tano ya milimita moja, ili kila chembe iwe ya dini moja, si mchanganyiko. Unga huo hukorogwa na maji ukawa uji mwembamba, kisha hutiwa katika matangi yenye mapanga yanayozunguka huku hewa ikipulizwa kutoka chini. Viputo hupanda. Chembe ambayo uso wake unapenda maji hulowa na kuzama. Chembe ambayo uso wake unakataa maji, kama jani la yugwa au unyoya wa bata, hukimbilia kwenye kiputo, ikapanda nacho hadi juu, na povu likakwanguliwa pamoja nayo.

Kwa asili, kalsaiti, apataiti na floraiti zote hupenda maji, hivyo zote zingezama. Ndipo inapoingia dawa ya kwanza, ile ya kukamata. Kwa madini ya kalsiamu, dawa hiyo kwa kawaida ni asidi ya mafuta, hasa asidi ya oleiki, inayopatikana katika mafuta ya mimea na katika utomvu wa misonobari. Kimsingi ni jamaa wa karibu wa sabuni ya mche. Kichwa cha molekuli yake hushika kalsiamu, na mkia wake wa mafuta hubaki nje ukiyakataa maji. Chembe ikishavikwa mikia hiyo, huelea. Gramu mia chache za dawa zatosha tani nzima ya mawe.

Na hapo ndipo taabu huanza. Sabuni huitambua kalsiamu tu. Haijui kama kalsiamu hiyo ni ya mbolea, ya chokaa au ya florispa. Huzishika zote tatu kwa pupa ile ile. Mama anayefua kwa maji magumu ya kisima huijua tabia hii bila kufundishwa kemia: sabuni huisha, povu halitoki, na utando mweupe hubaki kwenye beseni. Utando huo ni sabuni iliyokwisha kushikana na kalsiamu ya maji. Tangini hutokea vivyo hivyo. Kalsiamu iliyoyeyuka kutoka kwenye mawe huila dawa kabla haijafika kwenye chembe iliyokusudiwa.

Kuna jambo la hila zaidi. Madini haya huyeyuka kidogo majini, na ayoni za moja huenda zikatua juu ya uso wa jingine. Kalsaiti iliyokaa katika maji yenye fosfeti huanza kuota ngozi nyembamba ya apataiti, na apataiti iliyokaa katika maji yenye kaboneti huota ngozi ya kalsaiti. Hivyo chembe mbili zilizo tofauti ndani huishia kuvaa vazi moja nje, na povu huangalia vazi tu. Ndiyo sababu majaribio yaliyofanywa maabara kwa madini safi, kila moja katika chupa yake, mara nyingi hutoa matumaini ambayo hupotea madini hayo yanapotiwa katika tangi moja.

Dawa zaidi ya moja

Kwa kuwa hakuna dawa moja inayotosha, wahandisi huchanganya. Neno hilo lisieleweke kuwa ni kumwaga kemikali nyingi kwa kubahatisha. Kila dawa katika mchanganyiko ina kazi yake, na mpangilio wa kuzitia ni muhimu kama dawa zenyewe: anayetangulia kuufikia uso wa chembe ndiye humiliki uso huo.

Ya kutangulia kwa kawaida ni ya kutengeneza maji. Magadi, yaani sodiamu kaboneti, aina ile ile ichimbwayo katika Ziwa Magadi tangu mapema karne ya 20, hutiwa ili kupunguza asidi ya uji na kuitupa chini kalsiamu iliyoyeyuka isije ikaila sabuni. 

Kisha hufuata dawa za kuzuia. Kazi yake ni kuivika kalsaiti vazi linalopenda maji, ili sabuni ikija ikute nafasi imekwisha kushikwa. Silikati ya sodiamu, inayojulikana kwa mafundi wengi kama kioo cha maji, ndiyo inayotumika sana, hasa kuzuia mchanga wa kwatzi. Ikiwa peke yake haiizuii kalsaiti vya kutosha. Ikichanganywa na chumvi ya alumini, au ikitiwa asidi kidogo, nguvu yake hubadilika na huanza kuchagua vyema zaidi kati ya floraiti na kalsaiti. 

Dawa nyingine ya kuzuia ni tanini, na hapa nchi ya chai haiko mbali na habari. Tanini ni familia ya viambata vya mimea ambavyo huipa chai ukakasi wake mdomoni na huigeuza ngozi mbichi ya ng'ombe ikawa ya kiatu. Viwanda vya florispa duniani vimetumia kwa miongo mingi tanini ya mti wa kebracho wa Amerika Kusini kuizuia kalsaiti. Tanini ya ganda la mti wa muwati ni ndugu yake, na miti hiyo ilipandwa kwa maelfu ya ekari Uasin Gishu, ambako kiwanda cha kukamua maganda yake kilikuwa Eldoret. Molekuli za tanini zina mikono mingi inayoshika kalsiamu kwa upande mmoja na maji kwa upande mwingine. Zikizidi kipimo huizuia hata floraiti, nayo mali yote huenda na makapi.

Wanga nao ni wa kundi hilo. Katika mgodi wa Jacupiranga nchini Brazil, ambao mwamba wake ni wa volkano ya kaboneti kama ile ya Tinderet, apataiti ilikuwa kidogo na kalsaiti tele. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mhandisi Paulo Abib Andery alibuni njia ya kuizuia kalsaiti kwa wanga wa mahindi, kisha kuielesha apataiti kwa asidi ya mafuta. Unga wa mahindi ukawa ufunguo wa mbolea. Njia hiyo iliufanya mwamba uliodhaniwa kuwa wa saruji tu kuwa mgodi wa fosfeti, nayo ingali funzo kubwa kwa nchi zenye miamba ya aina hiyo.

Zaidi ya kuchanganya dawa za kuzuia, dawa za kukamata nazo huchanganywa. Asidi ya oleiki peke yake huganda katika maji baridi na kudhoofika katika maji magumu. Ikitiwa kiasi kidogo cha sabuni ya aina nyingine, kama vile salfoneti au dawa isiyo na chaji ya umeme, hutawanyika vizuri zaidi, na molekuli za aina mbili hujipanga juu ya chembe kwa msongamano ambao aina moja isingefikia. Katika mgodi wa Siilinjärvi nchini Finland, ambao pia ni wa fosfeti iliyochanganyika na kalsaiti, hutumika dawa yenye kichwa cha namna mbili, inayoitambua apataiti vyema kuliko asidi ya mafuta ya kawaida.

Njia ya kinyume pia ipo. Badala ya kuiinua apataiti, huinuliwa kalsaiti. Uji hufanywa kuwa wa asidi kidogo kwa asidi ya fosforasi au ya salfuri. Fosfeti iliyoyeyuka huizuia apataiti, na asidi ya mafuta huichukua kalsaiti na kupanda nayo. Njia hii hupendwa pale ambapo uchafu ni kidogo kuliko mali, kwa kuwa ni rahisi kuinua kilicho kidogo.

Kimwarer na kiwango cha asilimia 97

Mfano ulio karibu zaidi na Kericho wa kazi hii ni Kimwarer. Florispa iligunduliwa huko mwaka 1967, na kampuni ya Kenya Fluorspar ikaundwa mwaka 1979 kuuendesha mgodi huo, kabla ya kubinafsishwa katika miaka ya 1990. Mawe yalisagwa, yakapitishwa katika matangi ya povu, yakachujwa na kukaushwa, kisha unga wake ukasafirishwa hadi Mombasa kupelekwa ng'ambo.

Mnunuzi wa florispa ya daraja la juu hudai angalau asilimia 97 ya floraiti. Sababu yake ni hesabu. Florispa huchanganywa na asidi ya salfuri kutengeneza asidi ya haidrofloriki, ambayo ndiyo msingi wa gesi za majokofu na wa chumvi zinazotumika kuyeyusha alumini. Kila kilo 100 za kalsaiti zilizosalia katika unga huo hunywa kilo 98 za asidi ya salfuri bila kutoa chochote ila gesi ya kaboni na jasi. Apataiti iliyosalia huleta fosforasi, ambayo huchafua bidhaa. Kwa hiyo floraiti haieleshwi mara moja. Povu la kwanza hurudishwa tangini na kusafishwa tena, mara tano, sita au zaidi, kila hatua ikiacha kalsaiti kidogo nyuma.

Kila hatua pia huacha floraiti kidogo nyuma. Hapo ndipo faida ya mgodi hukaa au huondoka, na mara nyingi bei ya dunia huamua. Mwaka 2009 mgodi wa Kimwarer ulisimama kwa muda bei zilipoanguka, na katikati ya miaka ya 2010 ukasimama tena kwa sababu kama hiyo. Kandarasi ya ukodishaji ilimalizika mwaka 2018 na mgodi ukarudi mikononi mwa serikali, huku madai ya fidia ya ardhi ya wakazi waliohamishwa miaka ya 1970 yakiwa hayajakwisha. Makapi yaliyobaki bondeni yana kalsaiti, kwatzi na floraiti iliyoponyoka; kwa mtambo wenye dawa bora zaidi, baadhi ya makapi hayo ni akiba.

Fosfeti na shamba la mkulima

Kwa mkulima wa Kericho na Bomet, la karibu zaidi moyoni ni fosfeti. Mbolea ya chai inayoagizwa kwa wakulima wadogo kupitia KTDA ni ya NPK 26:5:5, maana yake mfuko wa kilo 50 una kilo 2.5 tu za fosfeti kwa kipimo cha viwandani. Lakini mkulima huyo huyo ana mahindi na viazi, na huko hutumia DAP, ambayo mfuko wake una kilo 23. Karibu fosfeti yote hiyo hutoka nje ya nchi. Mwaka 2022, baada ya China kubana uuzaji wa mbolea yake na vita kuanza nchini Ukraine, mfuko wa DAP ulipita Sh6,000 madukani. Serikali ilishusha mbolea ya ruzuku hadi Sh3,500 mwaka huo na Sh2,500 mwaka uliofuata. Kisha mwaka 2024 ikaja kashfa ya mbolea ghushi, iliyowakumbusha wengi kwamba unga wa kijivu ndani ya mfuko hautambuliki kwa macho.

Ilhali fosfeti ipo jirani. Sukulu, Uganda, ina akiba inayokadiriwa kufikia tani milioni 230. Kiwanda cha Tororo kilitengeneza mbolea ya supafosfeti huko kuanzia miaka ya 1960 hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, na kingine kikubwa kilichojengwa na kampuni ya China kilizinduliwa mwaka 2018. Sehemu ya juu ya Sukulu ni udongo ambao mvua ya miaka mingi imekwisha kuyeyusha kalsaiti yake; mvua imefanya bure kazi ambayo kiwandani ingegharimu fedha, ila imeacha chuma na tope jingi. Chini yake mwamba mbichi ungali na kalsaiti yote. Huko ndiko dawa mchanganyiko zitakapohitajika, kwani kalsaiti ikiingia katika kiwanda cha supafosfeti hunywa asidi ya salfuri kwa kiwango kile kile cha kilo 98 kwa kilo 100.

Kwa hiyo tangazo la kugunduliwa kwa fosfeti linalotaja tani na asilimia bila kutaja kalsaiti iliyoshikamana nayo ni nusu ya habari, na viongozi wanaoahidi kiwanda cha mbolea kwa tangazo kama hilo huwa wameruka swali lililo gumu kuliko yote.

Njia fupi ipo kwa baadhi ya fosfeti. Ile ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara nchini Tanzania, ilitokana na kinyesi na mifupa ya ndege na samaki, na apataiti yake ni laini kiasi cha kuyeyuka yenyewe katika udongo wenye asidi. Husagwa na kutiwa shambani pasipo kupitia kiwanda cha asidi. Udongo wa Kericho na Bomet una asidi hiyo. Apataiti ngumu ya volkano, kama ya Sukulu, haina tabia hiyo. Ikisagwa tu na kutiwa shambani, hukaa miaka bila kulilisha zao.

Kalsaiti inayobaki nayo haimfai kila mkulima. Katika shamba la mahindi lenye asidi kupita kiasi, chokaa kutoka mwamba kama wa Koru huipunguza na kuifungua fosfeti iliyofungwa na alumini ya udongo. Chai ni kinyume chake. Mmea huu hustawi pale kipimo cha pH kinapokuwa kati ya 4.5 na 5.6, na chokaa ikizidi huudhoofisha. Shamba la chai na shamba la mahindi huweza kutenganishwa na ua mmoja tu, lakini mfuko wa fosfeti iliyobaki na kalsaiti nyingi ungekuwa dawa upande mmoja na madhara upande wa pili.